Akaunti ya Watu Wawili

Mwaka wa 1999, nikiwa na miaka thelathini na saba, shida ilianza. Kabla ya hapo nilikuwa na kazi tu, na kazi si shida. Nilizaliwa upande wa Fataki, nikasoma mpaka ya pili primeri, baba akafa, nikashuka Bunia kwa miguu. Nikabeba mizigo sokoni. Nikakanyaga udongo kwa furu za watu wengine, mpaka nikapata furu yangu mwenyewe kando ya mto Shari. Furu ni lile rundo la matofali mabichi tunalolipanga kama nyumba, tunaacha midomo chini, tunatia kuni, tunachoma. Ukipita Bunia ukaona ukuta mwekundu, labda ule udongo ulipita mikononi mwangu. Sikusaidiwa na mutu. Neno hilo nililipenda sana, nililisema mbele ya kila chupa ya bia, na mutu mumoja alilisikia kila mara akanyamaza.

Mutu huyo alikuwa muke wangu. Alitoka upande wa Aveba, binti ya mulimaji aliyekuwa akileta maharagi soko ya Bunia. Alisoma kwa masista mpaka akajua Kifaransa cha barua. Nilitoa ng'ombe zote walizoomba, sikubakisha hata mumoja. Makabila yetu siyataji. Anayeijua Ituri amekwisha kuelewa, na asiyeijua ajue hivi tu: vita ilipoanza, watu wa kwao na watu wa kwetu walikuwa maadui, na siye wawili tulikuwa tunalala kitanda kimoja.

Mwaka ule ule wizi ulizidi, nikaogopa kuweka feza chini ya kitanda. Nikaenda kwa koperative ya akiba pale mjini. Jeran, mukubwa wa pale, alikuwa mwanaume mufupi, anaimba korali moja na muke wangu. Akaniuliza:

"Papa, unajua kusinye, kuandika jina lako?"

"Najua kuweka kidole."

"Kidole si mbaya. Lakini wakati huu mutu anaweza kuja na bunduki, akushike mukono, akuwekeshe kidole. Mama anajua kusinye?"

"Anajua."

"Basi tufungue ya watu wawili. Kidole chako na sinyatire ya mama. Kimoja kikikosa, hakuna kitu kinatoka."

Ilikuwa akili nzuri. Hata leo siwezi kusema ilikuwa mbaya. Muke wangu akaandika jina langu juu ya kifuniko cha karne, kile kitabu kidogo cha akiba, chini yake akaandika la kwake, kwa mwandiko ule wa masista, umelala upande mumoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Wale vijana wa furu walipojua wakacheka. "Patron, udongo ni yako, kalamu ni ya bibi." Nikawaambia kalamu ni kalamu tu. Jioni muke wangu akaniambia, "Lete mukono nikufundishe. Jina lako halina herufi mingi." Nikamujibu kwamba mukono huu unajenga Bunia, hauna nafasi ya kuchora. Akacheka kidogo, akaenda kupika sombe.

Alirudi na neno lile mara nyingine, na nyingine tena. Sikuleta mukono.

Mwaka wa 2002 vita iliingia mjini kabisa. Kaka yangu mukubwa alikuwa amefika kwangu na jamaa yake yote. Kwao Fataki nyumba ilichomwa, walikuja na sufuria na mbuzi mumoja. Walilala chumba cha mbele. Kaka hakuwa mutu mubaya. Lakini asubuhi moja alisimama kwa barza, hakuniangalia, akasema:

"Vijana wa huku barabarani wanajua unamulaza nani ndani. Wakija, hawatauliza nani ni nani. Watatuchoma siye wote."

Muke wangu alikuwa nyuma ya mulango, anasikia. Alikuwa na mutoto wetu mugongoni, binti wa miaka miwili. Hakulia. Akaniuliza mimi tu, si kaka:

"Weye unasemaje?"

Nikasema, "Enda kwanza kwa baba yako. Vikitulia nitakufuata."

Alifunga vikwembe vyake, zile nguo za kujifunga. Padri mumoja alikuwa akitoa watu wa upande wao kwa gari, akamuchukua. Nilimushikilia mulango wa gari kama mutu anayesindikiza mugeni. Nitakufuata. Neno lile nililitoa rahisi sana, kama vile namwambia muteja kwamba matofali yatakauka Ijumaa.

Sasa nieleze kitunga, yaani kikapu, kwa sababu pasipo kitunga mutu hawezi kuelewa nilichokifanya.

Kwetu, na kwao vilevile, hapo makabila hayaachani hata kidogo, mutu akikutumia chakula ndani ya kitunga, kitunga hakirudi kitupu. Unatia chumvi. Ukikosa chumvi unatia kipande cha sabuni. Ukikosa sabuni unatia hata viazi viwili au majani ya chai. Mutoto mudogo anajua hayo. Kitunga kitupu ni mulango umefungwa, na aliyekirudisha hivyo hahitaji kuongeza neno.

Wakati wanaume walikuwa wanauana, wamama wa pande zote mbili bado walipata njia za kukutana na kubadilishana chumvi na vyakula. Sijui walifanya namna gani, lakini walifanya. Miezi michache baada ya kuondoka, mama mumoja muchuuzi alifika kwangu na kitunga cha maharagi, maharagi mekundu ya Aveba, yamechaguliwa moja moja. Akasema kwa sauti ndogo, "Umesalimiwa. Mutoto anatembea vizuri. Nitapita kesho kuchukua kitunga."

Kaka alikuwa amekaa palepale. Siku ile niliona chumvi jikoni, niliona sabuni, niliona hata kile kitambaa cha kichwa alichokisahau muke wangu kwa musumari. Nikachukua sabuni. Kaka akasema polepole:

"Wamechoma nyumba ya baba yetu, na weye unawatumia sabuni?"

Nikaiweka chini. Maharagi tulikula, kaka akala sahani mbili. Kesho yake mama yule alipopita, nilimupa kitunga. Akakiangalia ndani, akaniangalia mimi, akakiangalia tena kama vile labda kitu kimejificha chini. Kisha akakiweka kichwani akaenda. Ningeweza kumukimbilia. Alikuwa anatembea polepole, ana miguu mibaya. Nilisimama.

Baada ya hapo nilianza kukosa feza ya kuni za kuchomea, na akiba yangu ilikuwa imelala kule kwa koperative, inangoja kidole na sinyatire. Kidole nilikuwa nacho. Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao vijana wa furu wananichekea mpaka leo. Nilimuchukua shemeji yangu, bibi ya kaka, nikamuvalisha kile kitambaa cha kichwa cha muke wangu, nikamufundisha kuiga sinyatire. Mimi nisiyejua kuandika ndiye niliyekuwa mwalimu. Alijaribu kwa makaa juu ya ukuta wa jikoni mpaka ukuta ukawa mweusi. Mwisho ilifanana vizuri.

Tukafika. Jeran akamupokea kwa heshima, akamupa kiti, akamwangalia juu mpaka chini. Shemeji yangu ni mwanamuke murefu, anainama akipita mulangoni. Muke wangu alikuwa ananifika kwa bega.

"Papa," jeran akasema, "mama amerefuka sana tangu Pasaka."

Shemeji akasema, "Ni vita."

Jeran hakucheka. Akachukua biki, akaandika ndani ya dosie yangu, ile faili ya akaunti, akaandika muda murefu. Akaniambia, "Papa, ungekuja peke yako ukaniambia hayupo, tungetafuta njia. Sasa umeniletea uongo, na uongo lazima niuandike." Nikamutukana. Nikamwambia feza ni yangu, jasho ni yangu, sikusaidiwa na mutu. Akanijibu taratibu: "Hapa imeandikwa watu wawili."

Mwaka uliofuata, 2003, mji uliporwa. Koperative ilivunjwa, walibeba hata viti. Jeran yule alikimbilia Beni kwa miguu, na badala ya godoro alibeba makaratasi ya wateja ndani ya gunia. Watu walimucheka njiani. Akiba yangu ilipotea na akiba za wengine, lakini dosie yangu, kwa bahati hiyo mbaya, iliokoka.

Nilianza upya. Hilo nalijua, kuanza upya. Udongo hawakuuiba. Na usiku, kwa sababu hakuna mutu aliyekuwa ananiona, nilitoa ile karne ya koperative na kufuata jina langu kwa ncha ya kijiti, pale alipoliandika. Niliandika juu ya udongo mubichi wa matofali, nafuta, naandika tena. Kuna matofali ya mwaka ule yaliyochomwa na jina langu, limelala upande mumoja. Yako ndani ya kuta za watu, hawajui.

Mwaka wa 2007, bunduki zilipoanza kurudishwa na kamio, yale malori, zikaanza kupita njia ya kusini, nilipata kazi kubwa kuliko zote: matofali ya masomo tatu, shule zilizobomolewa na vita. Lakini wenye kulipa walisema hawalipi mukononi. Wanalipa kwa akaunti ya benki tu, kompte kuranti, yenye jina langu, na nilete namba yake mbele ya mwisho wa mwezi, ama kazi wataipa mwingine. Na huyo mwingine nilimujua, matofali yake yanayeyuka mvua ya kwanza.

Nikavaa koti, nikaenda benki. Ajan, yule anayepokea wateja, alikuwa musichana, umri wa kuwa binti yangu mukubwa. Akachukua karte yangu ya kupigia kura, akatafuta, akarudi na dosie iliyochakaa. Makaratasi ya koperative yalikuwa yamepewa benki ile.

"Papa, hapa iko akaunti ya zamani. Ya watu wawili."

"Ndani iko nini?"

"Hakuna kitu, papa. Walipora yote."

"Basi ifunge."

"Haifungwe na mutu mumoja. Na kabla haijafungwa siwezi kukufungulia nyingine." Akasoma kidogo, akashika mudomo. "Tena hapa imeandikwa mulileta mama mwingine."

"Yule alikuwa shemeji yangu."

"Ndiyo, papa. Ndivyo imeandikwa." Akajikaza, akauliza vizuri, "Mama mwenyewe iko wapi?"

"Hayuko."

"Amefariki? Kama amefariki, lete karatasi ya kifo ya ofisi ya komini, inatosha."

Nilirudisha karte mufukoni. Nilitoka.

Nyumbani kaka aliposikia akasema, "Na shida iko wapi? Sema amekufa. Karatasi ya komini unaipata leo. Nani atakwenda Aveba kuuliza?"

Nilifika mpaka komini. Nilipanga mustari. Mbele yangu wamama walikuwa wanaandikisha wafu wao, wafu wa kweli, kila mumoja anasema jina na mwaka, karani anaandika bila kuinua kichwa. Zamu yangu ikafika. Karani akauliza, "Jina la marehemu?" Nikafungua mudomo nitaje jina lake, na jina halikutoka. Tangu siku ya gari la padri sikuwa nimelitaja kwa sauti. Kulitaja mara ya kwanza ili kuliua, hapana. Nikamwambia karani nimekosea mustari.

Kesho yake nilichukua benki karatasi ya kufunga akaunti, nikapanda kamio inayokwenda kuchukua maharagi kusini, upande wa Aveba. Njia nzima, kwa kila bariyeri ya maaskari, nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia kaka alinisukuma. Hapana, hilo ni la mutoto. Nitamwambia njia ilikuwa mubaya. Lakini wamama wa chumvi walipita. Mwisho nilichagua neno moja tu: turudi nyumbani. Nikalishika hilo.

Shofere aliniacha sokoni Aveba, akasema atapakia magunia na kunipigia honi. Nilionyeshwa nyumba. Alikuwa uwanjani, anapepeta maharagi. Alikuwa amekonda, nywele zina mvi pembeni, lakini mikono ilikuwa ile ile. Aliniona tangu mbali, hakusimama, hakuacha ungo.

"Karibu, papa," akasema.

Papa, kama vile mutu anavyomwita mwanaume yeyote wa njiani.

Musichana mudogo alitoka ndani, akaniletea kiti. Ana paji la uso la mama yangu. Akamuuliza mama yake, "Huyu muzee ni nani?"

"Ni mugeni. Ametoka Bunia kwa mambo ya makaratasi."

Sikuwa nimetoa karatasi bado. Ilikuwa ndani ya ambulopu, bahasha ya benki, ambulopu mukononi, na hapo tu nikaangalia mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimepita soko mbili. Chumvi ilikuwa imejaa pale, na sabuni, na biskuti za mutoto. Nilikuwa nimeshika ambulopu na biki.

Na yeye alikuwa ameangalia palepale.

"Nilituma kitunga," akasema. "Kilirudi namna gani?"

"Kitupu."

"Mama yule alilia kuliko mimi. Alisema labda kimemwagika njiani." Akapepeta. "Na leo?"

Nilishusha ambulopu kando ya muguu. Akaomba karatasi, akaifuta mikono kwanza, akaisoma yote kwa sauti, Kifaransa na kisha Kiswahili, ili nisikie ninachokitaka. Akauliza, "Ndani imebaki nini?"

"Hakuna kitu."

"Kwa hiyo ulijua njia ya Aveba."

Aliweka karatasi juu ya ungo, akasinye. Ule mwandiko, umelala. Akanisogezea pa kuweka kidole, akatafuta makaa ya kupakaza. Nikachukua biki, nikaandika jina langu. Nilipomaliza alikuwa amesimama na makaa mukononi.

"Nani alikufundisha?"

"Uliandika juu ya karne. Niliangalia."

Akaivuta karatasi karibu. Alipitisha kidole juu ya jina, taratibu, kama mutu anayepima kitambaa. Hapo ndipo neno langu lilipaswa kutoka. Lilikuwa kwenye ulimi. Nilichosema ni hivi: "Namba ya benki wanaitaka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo," akasema. "Ujikaze ufike."

Honi ikalia sokoni. Akasema, "Kamio inakuita." Lakini akaingia ndani, akatoka na kitunga, akakijaza maharagi yale aliyokuwa anapepeta. "Mugeni hatoki kwangu hivi." Kilikuwa ni kile kile, nilikijua kwa mushono mwekundu wa ukingo. Binti yangu alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa mukono, akasema, "Safari njema, muzee."

Ajan wa benki alifurahi kuona karatasi. Akafunga ile ya zamani, akafungua mupya. Akauliza yale wanayouliza, naishi wapi, nafanya kazi gani. Kisha akauliza:

"Papa, kuna mutu mwingine wa kusinye?"

"Hakuna."

Akaandika. Ilimuchukua muda mudogo sana kuandika.

Matofali ya masomo zile niliyachoma. Feza ya kwanza ilipoingia, nilijaza kitunga: chumvi, sabuni, sukari, kikwembe kizuri, viatu vya mutoto. Nikamupa shofere yule yule na neno langu lote, sasa ndiyo lilitoka, kwa shofere: amwambie nyumba iko, chumba kiko, kaka amekwisha kujenga kwake. Kamio ilirudi baada ya juma mbili. Shofere alishuka na kitunga, ananipa bila kuniangalia.

"Mama anasema aksanti. Chumvi ameipokea. Viatu vinamutosha mutoto. Kikwembe amempa mama yake muzazi."

"Na lile neno?"

"Nililisema, patron. Akakiosha kitunga, akanipa."

Kilikuwa safi na kikavu. Niliangalia ndani kama vile mama yule wa chumvi alivyoangalia.

Aliolewa na mwalimu wa kwao mwaka uliofuata. Watu wake walinirudishia ng'ombe za mahari, si zote, zile zilizobaki baada ya vita, na nilizipokea, kwa sababu kuzikataa kungekuwa matusi mengine. Binti nilimulipia masomo mpaka chuo. Akifika Bunia anapita kunisalimia, anakaa kwa barza, anakunywa chai. Ananiita muzee. Sijamwambia aniite vingine.

Leo, kama mutu akiuliza nina nini: nina parseli mbili za ardhi hapa Bunia, moja imejengwa. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, mabati mazuri. Furu mbili kando ya Shari, moja inahitaji kutengenezwa. Pikipiki moja. Ng'ombe tano, za ukoo wa zile zilizorudishwa. Koti moja la kuendea benki. Kitunga kimoja chenye mushono mwekundu, kinaning'inia jikoni, hakitiwi kitu. Akaunti moja, kompte kuranti, haina deni, ya mutu mumoja.